Binzari ya Marcelina

Mvua ya kwanza ilianguka Tabora siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, wala haikukaa. Ilipiga mabati ya Chemchem kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, ikakatika, jua likarudi kama lilikuwa limetoka kidogo tu kusalimia jirani. Bernadeta alikuwa barazani nyuma ya nyumba, ungo mapajani, akichambua mchele. Akanyanyua uso. Harufu ya udongo uliolowa aliitegemea. Hakuitegemea ile iliyokuja nyuma yake, harufu nyembamba, kavu, yenye ukali kidogo puani. Ilikuwa harufu ya binzari nyembamba, ile mbegu ndogo ya kahawia ambayo bila hiyo pilau ni wali tu uliovaa nguo ya kuazima.

Akatazama jiko la nje. Mlango umefungwa, moto haujawashwa tangu asubuhi. Kwa jirani wa kushoto hakukuwa na mtu. Kwa wa kulia walikuwa wanachemsha maharage, na maharage hayajifichi. Akainuka, akazunguka ua mara moja, akapita kichanja cha vyombo, akapita bomba, akarudi alipokuwa. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Ni wewe, mama?" alisema kwa sauti ndogo, kisha akaona aibu, akarudi kwenye mchele wake.

Mama yake, Marcelina, alikuwa amezikwa Novemba ya mwaka uliopita. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na baada ya misa watu wa jumuiya na ndugu wa kijijini Ntalikwa wangekuja nyumbani kula. Bernadeta, mjane wa miaka hamsini aliyerudi kutoka Nzega kuwatunza wazazi wake, ndiye angepika. Hapo ndipo usingizi ulipokuwa unapotelea.

Marcelina alijulikana kwa pilau. Tangu Gongoni mpaka Chemchem, watu waliosali Jumapili na waliosali Ijumaa walimwita kwenye shughuli zao, na yeye alikwenda na mwiko wake mwenyewe na kifuko cha binzari aliyokwisha kuitayarisha nyumbani. Pilau yake haikuwa nyeusi wala haikuwa na rangi ya kuunguzwa kwa vitunguu. Ilikuwa kahawia, kahawia moja, juu mpaka chini, kama ngozi ya mtu. Na binzari yake haikukuvamia ulipotia tonge la kwanza. Ilikusubiri umeze, ndipo ikaja.

Kasoro yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Mara kwa mara, katika sinia zima, mtu mmoja angeuma chembe ya mchanga. Krr. Marcelina hakuwa na haya. "Mchele wa Igunga huo," angesema. "Waulizeni wenyewe wanapuria wapi." Nyumbani kwake mambo hayo yalikuwa na sheria. Mwenye kuuma chembe ndiye anayeosha sufuria. Mumewe, Mzee Wenceslaus Lugembe, aliyefanya kazi reli miaka thelathini na moja, ndiye aliyekuwa anaangukiwa mara nyingi kuliko wote. Majirani walizoea kumwona, bado kavaa sare ya reli, kachuchumaa kwenye kichanja akisugua sufuria kubwa kama mke mpya. Wakimcheka, aliwaambia, "Chekeni. Mimi nimeshiba."

Sasa Mzee Wenceslaus alikuwa na miaka themanini na tatu na hashibi. Halalamiki. Bernadeta alikuwa amepika pilau Jumapili nne mfululizo, kama mtu anayefanya mazoezi ya mtihani. Jumapili ya kwanza alitia binzari nzima nzima. Ya pili aliiponda mbichi. Ya tatu aliikaanga kwenye kikaango mpaka ikatoa moshi, akaiponda ingali moto. Ya nne alibadilisha duka kabisa, akanunua kwa Mwarabu wa Gongoni badala ya sokoni. Kila mara baba yake alikula matonge matano au sita, akafuta vidole polepole, akasema, "Ahsante, mama. Nzuri." Na sahani ikarudi jikoni nusu.

Mzee hakuwa akimwambia Marcelina ahsante. Kwake alikuwa na neno lao, wabeja, shukrani ya Kinyamwezi, na alilisema sahani ikiwa tupu. Bernadeta alikuwa hajalisikia neno hilo mezani kwa mwaka mzima.

Jumapili ile ya nne mzee alikaa kidogo baada ya kunawa, akasema bila kumtazama, "Siku ya misa, kama ingewezekana, ningependa nile ile ya mama yenu. Mara moja tu. Kisha mtanipa chochote."

Kaka yake Bernadeta, Xavery, alikuwepo. Alisubiri baba aingie ndani kulala.

"Tukodi mpishi," alisema. "Recheli wa Wamoraviani anapika harusi zote. Usijitese."

"Recheli atampikia baba ile ya mama?"

"Hakuna atakayeipika, mdogo wangu. Mama aliondoka nayo. Si unajua alivyokuwa? Mlango umefungwa. 'Pilau ina haya, tokeni.' Mimi kanituma dukani kununua chumvi nyumba ina chumvi kilo mbili."

"Mimi alinituma mashineni."

"Basi. Aliyetumwa mashineni atajua kupika saa ngapi?"

Alisema kwa mzaha, naye Bernadeta alicheka, lakini neno lilimkaa. Kweli ile. Alikuwa amekaa katika nyumba ile utoto wake wote, na miaka mitatu ya mwisho alimlisha mama yake uji kwa kijiko, akamwogesha, akamsuka, na siku zote hizo hakuuliza. Alidhani kuna muda. Na alipotaka kuuliza, aliogopa mama asije akajua kwamba anaulizwa kwa sababu anakufa.

Siku iliyofuata ile mvua, Bernadeta alichukua kiporo cha pilau yake, akakipasha, akakitia kwenye bakuli la bati, akalifunga kwa kitambaa, akaenda Gongoni kwa Bi Shamila.

Bi Shamila alikuwa rika la mama yake na shoga yake wa tangu usichana. Babu yake alifika Tabora kutoka pwani wakati wa misafara, na nyumba waliyokaa ilikuwa bado ileile ya kuta nene, yenye mlango wa kuchonga ambao mchwa walikuwa wameshaanza kuusoma upande wa chini. Marcelina alipotoka Ntalikwa akiwa na miaka kumi na sita, mwaka wa pili baada ya Uhuru, ndipo alipokuja kufanya kazi za jikoni katika nyumba hiyo. Watu walisema huko ndiko alikojifunza pilau. Yeye hakukubali wala hakukataa.

"Hodi."

"Karibu. Nani? Macho yangu siku hizi yananidanganya."

"Bernadeta, wa Marcelina. Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa karibu. Umebeba nini kinachonukia?"

Bernadeta alifungua kitambaa. Bi Shamila alinawa, akachota tonge dogo, akatafuna kwa muda mrefu kuliko tonge lenyewe.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Umepika vizuri."

"Mama mkubwa, usinifiche."

"Sikufichi. Ukipika hivi harusini watakupigia vigelegele. Lakini hii siyo ya mama yako, na ndicho kilichokutoa Chemchem na jua hili."

Bernadeta akamweleza yote, Jumapili nne, sahani zinazorudi nusu, Jumamosi inayokuja. Akasema, "Wewe unajua. Alijifunzia hapa."

Bi Shamila akacheka puani. "Hapa? Hapa alijifunza kuficha. Mama yangu alipika pilau kama hii yako." Akafunika bakuli. "Nilimwapia sisemi, Bernadeta."

"Mama hayupo."

"Yeye hayupo. Mimi nipo, na kiapo ni changu."

Nje mtu alikuwa anapita akiuza asali kwa sauti ya kuchoka. Bernadeta alianza kukunja kitambaa chake, akakikunja vidogo, vidogo zaidi, mpaka hakikukunjika tena. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Wenceslaus anakulaje?" Bi Shamila aliuliza.

"Anakula kama mtu anayekunywa dawa."

"Na alikuwa mlaji yule." Kikongwe akatikisa kichwa. "Unajua ni yeye ndiye aliyekuwa anafichwa? Siyo ninyi. Ninyi mlifichwa ili msimwambie yeye. Basi sikiliza. Na ukimwambia baba yako, nitakuja kukutoa roho, mtani wangu wewe wa Kinyamwezi."

Akajiweka sawa kwenye kiti chake, akaanza.

"Siku aliyofika mama yako alikuwa na kifurushi cha nguo na chungu. Chungu cheusi, kimemeguka mdomoni, kimefungwa kitambaa. Mimi nikajua ni asali, watu wa kwenu hawaji mjini bila asali. Nikakifungua. Mchanga. Nikamwuliza, 'Wewe, mtu anahama kwao na mchanga?' Akaniambia mama yake kamwambia mjini hakuna mchanga wa kijito, hawezi kukaanga karanga. Nilicheka mpaka nikalala chini. Yeye hakucheka. Akakiweka chungu chake pembeni ya jiko.

"Ikaja siku ya maulidi nyumbani. Wageni ukumbini, wageni uani. Mama yangu akampa bakuli la binzari, akamwambia, 'Kaanga hii, kisha uitwange,' akaenda kupokea watu. Sasa niambie, mtoto wa Ntalikwa kaanza lini kukaanga? Anajua kukaanga karanga, na karanga zinakaangwa kwa mchanga. Akachukua chungu chake, akapasha mchanga, akatia binzari yote humo. Akakoroga."

Bernadeta alishika mdomo.

"Eeh. Karanga unachekecha, mchanga unashuka, karanga zinabaki. Binzari je? Nilipoingia jikoni nilimkuta na chekeche, analia bila sauti. Binzari inashuka na mchanga, mchanga unabaki na binzari. Nje wanaimba, hapa ndani sisi wawili na beseni la mchanga unaonukia. Nikamwambia tumwage, tuseme imemwagika. Akasema, 'Hapana, mama yako atanirudisha kwetu.' Ndipo mimi, siyo yeye, nikasema tutie maji."

"Maji?"

"Maji. Binzari ikaelea, mchanga ukazama. Tukaichota juu kwa kichujio cha chai, tukaianika kwenye mfuniko wa sufuria ya moto mpaka ikakauka, akaitwanga. Lakini yale maji, mwanangu, yalikuwa yamegeuka rangi. Kama chai ya rangi. Nikanyanyua beseni nimwage, mama yako akanishika mkono. Akasema kwao hawamwagi kitu kilichokwisha kupata ladha. Akayaacha yakatulia, akayamimina polepole, na hayo ndiyo aliyopikia mchele."

Bernadeta aliona kwamba Bi Shamila hakuwa hapo tena, alikuwa kwenye jiko lile na mwenzake.

"Babu yangu alikuwa hai bado. Mzee aliyekula pilau Bagamoyo, akala Ujiji, akala kila mahali msafara uliposimama katikati. Alikula, akaita, 'Nani kapika leo?' Mama yangu akajibu, 'Mimi,' maana hakujua cha kusema. Na papo hapo mjomba wangu akauma chembe. Mama akasema, 'Mchele huo.' Mama yako alilishika jibu hilo maisha yake yote."

"Mchele wa Igunga," Bernadeta alisema.

"Watu wa Igunga wamesingiziwa miaka sitini."

Walicheka wote wawili, na katikati ya kicheko Bernadeta alijikuta anafuta machozi, akayaacha tu yatoke.

"Lakini baadaye si angekaangia kikaangoni kama watu wengine?"

"Alijaribu. Akasema kikaango kinaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Mchanga unaikumbatia pande zote. Na ule mchanga kila alivyoutumia ulizidi kushiba mafuta ya binzari. Mwishoni ukiupasha mtupu, bila kitu, nyumba inanukia shughuli. Halafu akaja baba yako, kijana wa reli, anatamba kwa wenzake: mke wangu kapikia Waarabu, mke wangu mpishi wa mjini. Marcelina akaniambia, 'Shamila, nitamwambiaje mwanamume huyu kwamba namlisha mchanga wa karanga?' Nikaapa. Alikuwa anakaanga siku moja kabla, nyumba ikiwa tupu. Chungu akakiita chungu cha mbegu ili mtu asikifunue."

Bernadeta alikuwa ameacha kucheka. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kile kitambaa.

"Cheusi," alisema. "Kimemeguka mdomoni."

"Ndiyo."

Kwa miezi kumi baada ya mazishi hakuthubutu kugusa jiko la mama yake. Mwezi wa tisa ndipo alipojikaza, akafagia, akatoa kila kitu juani. Nyuma ya magunia alikuta chungu kile. Alifunua, akaona mchanga, mweusi kidogo, laini. Akadhani ni mchanga wa kusugulia masufuria, maana kila nyumba huwa nao. Pua yake ilikuwa imejaa vumbi na machozi, haikuambulia kitu. Aliumimina kwenye karai lililotoboka ukingoni, akaliweka chini ya kichanja cha vyombo. Kwa miezi miwili, kila siku, konzi moja na majivu kidogo. Masufuria yake hayajawahi kung'aa vile.

Na jana mvua ilinyesha ndani ya lile karai.

"Mama mkubwa," alisema, "mimi nimesugulia vyombo."

Bi Shamila alimtazama kwa macho yake yasiyoona vizuri. Kisha akacheka kicheko cha msichana, mpaka akakohoa, mpaka ikabidi apigwe mgongoni. "Nyinyi watu wa Ntalikwa," alisema alipopata pumzi. "Binzari mnaifanya karanga, na binzari mkiachiwa urithi mnaifanya sabuni. Umebaki?"

"Sijui. Asubuhi ulikuwepo."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Alitembea haraka kuliko alivyotembea miaka mingi. Na alipokaribia kwao akasikia koleo likikwangua, akakumbuka. Xavery alikuwa amesema ataleta fundi siku hiyohiyo asawazishe ua nyuma ya nyumba, pale bombani panapotuama matope, ili wageni wa misa wasichafuke viatu. Alipozunguka nyumba alimkuta fundi huyo, Fikiri, anakoroga saruji na mchanga. Karai lenye tobo lilikuwa pembeni yake. Lilikuwa limejaa zege.

"Shikamoo, mama," Fikiri alisema.

Bernadeta hakuitika. "Karai hili lilikuwa na mchanga."

"Lilikuwa nao."

"Umeutia humo?"

Fikiri aliegemea koleo lake. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu zilizorukiwa na saruji. "Mama, nilitaka. Nimepungukiwa na huu wa lori. Lakini nilipouchota mkononi nikauona una mafuta. Mchanga wenye mafuta haushiki saruji, sakafu yako ingebanduka kabla ya Krismasi. Halafu unanukia. Nikamwambia kaka yako, mchanga gani huu unaonukia shughuli? Akanijibu nisimletee mambo ya waganga."

"Uko wapi?"

Akanyoosha kidole. Juu ya gunia tupu, kivulini mwa ukuta, palikuwa na kichuguu kidogo cheusi. Hakikuzidi vikombe vitatu.

Bernadeta aliinama, akauchukua mkononi. Ulikuwa bado na unyevu wa mvua. Akauleta puani. Kwa muda alibaki hivyo, ameinama, ngumi imefumbwa usoni, na Fikiri ambaye hakujua lolote akageuka kistaarabu, akaendelea kukoroga.

"Marahaba," alimwambia hatimaye. "Nilikuwa sijakuitikia."

Ijumaa, siku moja kabla ya misa, alimtuma Xavery kwa ndugu wa Ntalikwa na akamwomba baba aende akakae na wazee wa reli. Kisha akaingia jiko la nje, akafunga mlango. Alipokwisha kuufunga ndipo alipojiona, mkono ungali kwenye komeo. Utoto wote alidhani mlango ule ulifungwa kwa maringo, mpishi hataki kuigwa. Kumbe nyuma yake alikuwepo msichana wa Ntalikwa, anaogopa kurudishwa kwao.

Mchanga alikuwa ameuosha mara saba tangu Jumatano, akauanika kwenye shuka kuukuu, akautoa nyuzi na vipande vya mkaa. Chungu alikikuta kwa bahati, alikuwa amekipandia maua. Aliyahamisha maua. Akapasha mchanga. Bi Shamila alikuwa amesema kweli: kabla hajatia hata punje moja, jiko lilianza kunukia. Akamimina binzari, akakoroga kwa kijiti, akahesabu kwa kusikiliza, maana binzari ikiiva hunong'ona kidogo kabla ya kunyamaza. Ilipoanza kunyamaza akaimwaga yote kwenye beseni la maji.

Ikaelea, kama alivyoambiwa. Akaichota kwa kichujio cha chai, kidogo kidogo. Maji yakageuka, kwanza manjano, kisha rangi ya chai. Akayaacha yatulie. Akakaa kwenye kigoda cha mama yake akiyatazama, na hakuwa na haraka yoyote. Alikumbuka kisa alichokuwa anasimulia mama, cha babu wa babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe mpaka pwani na kurudi na binzari imefungwa kwenye pindo la shuka. Alidhani ni mbegu. Akaipanda Ntalikwa, ikachomoza kama nywele za mtoto, ikafa kwa jua. Mama alipenda kisa hicho. Kila alipokisimulia alimalizia, "Sisi hatukujaliwa kuilima. Tumejaliwa kuipoteza na kuiokota."

Jumamosi misa iliisha saa nne. Padri alisoma jina la Marcelina vizuri, bila kulikosea. Nyumbani wageni walikuta ua umesakafiwa, mikeka imetandikwa, na sufuria kubwa juu ya mafiga, makaa yamepaliwa juu ya mfuniko. Bernadeta alipofunua, mvuke ulitoka, na wanawake wawili wa jumuiya waliokuwa wanamsaidia wakaacha kuzungumza. Rangi ilikuwa ileile. Kahawia moja, juu mpaka chini.

Sinia la kwanza aliwapelekea baba yake, Xavery na wazee wawili wa reli. Hakuondoka. Alisimama pale na jagi la maji kama anasubiri kuwanawisha, ingawa walikuwa wamekwisha kunawa.

Mzee Wenceslaus alitia tonge la kwanza. Akatafuna, akameza. Akatulia hapo, mkono hewani, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali na anangoja aitwe tena. Kisha akala. Alikula upande wake wa sinia, akafika katikati, akaanza kuingia upande wa Xavery, na Xavery akamsogezea nyama bila kuinua kichwa, maana yeye pia alikuwa anapambana na macho yake.

Ndipo ikasikika. Krr.

Mzee aliacha kutafuna. Alitoa ile chembe kwa ncha ya ulimi, akaichukua kwa kidole, akaiangalia mwangani. Akaiweka ukingoni mwa sinia, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mchele wa Igunga," Bernadeta alisema. Sauti yake ilitoka nzima, ajabu.

Baba yake alimtazama. "Wabeja," alisema, bila kusubiri amalize.

Akala mpaka sinia likawa tupu. Halafu akashika goti, akashika bega la Xavery, akaanza kuinuka.

"Baba, unakwenda wapi? Kaa."

"Sheria ni sheria," mzee alisema. "Sufuria iko wapi?"

"Baba, kuna watu wa kuosha. Leo ni siku ya..."

"Mwache," Bernadeta alisema.

Mzee alikunja mikono ya shati lake la misa, mara mbili kila mkono. Wazee wenzake wa reli wakaanza kumcheka, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti, na mmoja akamwita mke mpya. "Chekeni," alisema akiwa amewapa mgongo. "Mimi nimeshiba." Akachuchumaa kwenye kichanja, akavuta sufuria kubwa kati ya miguu yake, akapapasa chini mahali karai lilipokuwa.

"Mama," alimwita binti yake, "ule mchanga wenu wa kusugulia uko wapi?"

Bernadeta alichota majivu jikoni, akampelekea kwenye kifuu.

"Mchanga hatusugulii tena, baba," alisema. "Tumia haya."